Hukuona, husemi

Mwanangu,

Omena imefika salama na nyanya yako kashaila nusu.

Unaniuliza kama ulikuwa mkali kupita kiasi. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili amemfungulia mzee wa kitanda cha 9 dripu ya matone 125 kwa dakika, wewe ukamwambia wodi nzima ikisikia, "Utaua mtu wewe," naye akaenda kulia kule mnakooshea vyombo vya wagonjwa. Sasa wataka nikupe maneno ya kutumia siku nyingine. Maneno si kazi. Mimi nauliza kwanza: alipokuwa anahesabu, wewe ulisimama wapi?

Maana 125 si namba ya kubahatisha. Mililita 500 kwa saa 4 ni mililita 125 kwa saa, na kwa mpira wa dripu wa watoto, ule wa matone 60 kwa mililita, mililita za saa ndizo matone ya dakika. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, kama huo mliotumia, unachukua 500 mara 20, unagawa kwa dakika 240, unapata matone 42. Ukiufungulia 125, chupa ya saa 4 inakwisha kwa dakika 80, na mzee mwenye moyo mchovu maji yanampanda mapafuni. Kosa ni kubwa, sibishi. Lakini kijana huyo hesabu anaijua. Ametoka wodi ya watoto, akabeba hesabu ya kule. Asilolijua ni kugeuza pakiti na kusoma idadi ya matone iliyochapishwa pale. Na "utaua mtu" haimfundishi mtu kugeuza pakiti. Ungemuuliza tu, "Umezidisha kwa ngapi, na hiyo namba umeitoa wapi?" angejibu mwenyewe, na kosa mngeliona wote wawili.

Naona na mimi nimeanza kukisia. Sikuwepo, na hukuniambia alitoka wodi gani. Hukuona, husemi: nimewaimbia hilo tangu ile chupa ya chai ilipovunjika, ndugu yako akachapwa, kumbe ni paka.

Unaikumbuka ile jioni tukiishi Section 58 niliporudi bila saa mkononi, babako akadhani nimeibiwa kwenye matatu? Sikuibiwa. Mchana huo nilimsimamisha mwanafunzi mmoja, chati mkononi. Wagonjwa sita, na wote wanapumua mara 20 kwa dakika, mwenye nimonia na anayengoja kwenda nyumbani. Nikamsema, wenzake wakiwa wamepanga mstari. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Sista, hata za wiki jana ni 20." Za wiki jana zilikuwa mwandiko wangu. Mpaka leo masikio yananipata moto. Na kumbe msichana hakuwa na saa yenye mshale wa sekunde, wala hakuna aliyewahi kumuuliza. Ningemhubiria "uwe makini" mwaka mzima, angeendelea kuandika 20. Alipopata saa, nikamwonyesha: shika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, macho yako kifuani, dakika nzima bila kukata, kwa sababu mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha anavyopumua. Kisha nikasimama pale akifanya mwenyewe. Akapata 28 kwa yule wa nimonia.

Utaniambia, "Mama, dripu ilikuwa inakimbia, ningengojaje?" Kweli, hapo hakuna kungoja. Wako wanaoshikilia kwamba mwanafunzi asirekebishwe kamwe mbele ya mgonjwa. Hao sijui wanafanya kazi wodi gani. Hatari ikiwepo, mkono wako uende kwenye kidhibiti cha dripu kabla ya mdomo wako, na maneno yawe machache: "Ngoja, tuangalie pamoja." Mpunguze matone, mhesabu mapigo na pumzi, msikilize kifua, daktari aarifiwe, iandikwe kwenye faili, na mzee aelezwe. Mwanafunzi awepo kwa yote hayo, asifukuzwe kando ya kitanda. Hicho ndicho kipande ambacho hataona tena kirahisi darasani.

Mengine ndiyo yangoje, lakini yasivuke zamu. Ukimwambia Ijumaa kosa la Jumatatu, anakumbuka uso wako tu. Dakika tano, mlango umefungwa, mmekaa wote wawili.

Ule mpangilio wa Pendleton wa Uingereza, wa 1984, wa kumwambia mwanafunzi alivyofanya kazi, uliofundishwa chuoni, sina ugomvi nao: mwanafunzi aseme alichofanya vizuri, wewe uongeze, kisha aseme angebadilisha nini, wewe uongeze. Ila mwoga atakuambia kila kitu kilikuwa sawa, na aliyelia atakuambia kila kitu kilikuwa kibaya. Kwa hivyo mrudishe kwenye jambo moja alilolitenda kwa mikono. Sifa pia ziwe hivyo hivyo. "Umefanya vizuri" ni upepo. "Ulimweleza mzee kabla ya kumshika mkono, akaulegeza, mshipa ukaonekana," hilo atalirudia kesho. Wala usilifiche kosa katikati ya sifa mbili kama nyama ndani ya sambusa. Atakula unga aache nyama. Kisha mkubaliane: kesho, saa ngapi, kitanda kipi, utarudi kuangalia nini. Bila hilo mmepiga gumzo tu.

Kuhusu kumtilia saini kwenye kitabu chake cha taratibu, ulimi unaniwasha. Saini ya huruma itamfikisha kwenye mtihani wa Baraza la Wauguzi mikono mitupu. Lakini kumnyima kwa sababu ya siku moja, tena siku ambayo wewe mwenyewe... basi, nanyamaza. Sikuwepo. Mpe pakiti mbili, mpira wa matone 20 na wa matone 60, akokotoe, afungulie, ahesabu matone dakika nzima, wewe umesimama pale pale. Halafu uamue.

Na saa anayo? Umemuuliza?

Mamako