Meza ya Wasomaji: Huoguo, Kuanzia Supu hadi Bili

Maswali ya toleo hili yametoka kwa wasomaji wanaosoma au kufanya biashara China, na yote yanahusu huoguo: sufuria ya supu inayotokota katikati ya meza, sahani za nyama mbichi na mboga pembeni, kila mtu anachovya na kujipikia. Kundi zima linakula kutoka supu moja, kwa hiyo msishangae majibu mengi yakirudi kwenye supu hiyo.

SWALI: Tuko watano, watatu kati yetu ni Waislamu. Wenzetu Wachina wametualika huoguo na wanasema tutachukua sufuria iliyogawanywa katikati, upande mmoja wao watatia nguruwe, upande wa pili utakuwa wetu. Je, inatosha? – Msomaji, Guangzhou

JIBU: Haitoshi, ndugu, hata kama hakuna atakayekosea upande. Tatizo linaanza kabla ya nyama kuingia. Supu nyeupe katika mgahawa wa kawaida mara nyingi imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe, hata ikiletwa mezani bila kipande chochote cha nyama. Supu nyekundu ya mtindo wa Chongqing inakaangwa kwa mafuta mgando ya ng'ombe ambaye hakuchinjwa kwa utaratibu wenu, na kwenye viungo vyake hutiwa laozao, yaani wali uliochachushwa wenye kilevi, na mara nyingi pombe kali ya baijiu pia. Kwa supu hiyo nyekundu, ukiuliza tu "kuna nguruwe?" huenda ukajibiwa hakuna, na jibu hilo likawa la kweli lakini halijamaliza swali.

Ukuta wa ile sufuria ya pande mbili, yuanyang guo, umeziba hadi chini, ila supu ikichemka kwa nguvu inaruka upande wa pili, na upawa mmoja huzunguka meza nzima. Sufuria ya vyumba tisa ni shida zaidi. Ule mgawanyo ni fremu iliyotumbukizwa tu, na supu inapita chini yake kutoka chumba hadi chumba. Vyumba vile vimewekwa kwa ajili ya kutenganisha moto: cha katikati ndicho kikali, vya pembeni ni vya kupikia polepole. Angalieni pia vitonge vya samaki na vya ng'ombe, kwani vingine huchanganywa na mafuta ya nguruwe, na ile nyama ya kopo inayopendwa sana kwenye huoguo kwa kawaida ni nguruwe.

Njia safi ni kuwaomba wenyeji wenu mhamie mgahawa wa qingzhen, yaani wa Waislamu. Tafuteni herufi hizi mbili, 清真, kwa sababu vibao vingi siku hizi havina tena maandishi ya Kiarabu. Guangzhou anzieni maeneo ya Xiaobei, ambako wafanyabiashara wengi kutoka Afrika na nchi za Kiarabu hufikia. Ulizeni pia kama wanauza bia. Baadhi ya migahawa ya qingzhen huiruhusu mezani.

Na msidhani wenyeji watakuwa wanajinyima. Huoguo ya Beijing ya nyama ya kondoo ina mizizi mirefu kwa Waislamu wa kabila la Wahui. Donglaishun, jina kubwa kuliko yote katika mtindo huo, ilianzishwa Beijing mwaka 1903 na Mhui aitwaye Ding Deshan. Sufuria yake ni ya shaba, ina bomba katikati linalowekwa makaa, na supu yake ni maji matupu yenye tangawizi na vitunguu vya majani. Agizeni kwanza sahani ndogo ya mafuta ya mkia wa kondoo, muitie yote mwanzoni ili maji yapate ladha, kisha ndipo mwanze na nyama nyembamba.

Mchuzi wa kuchovya hapo ni ufuta uliosagwa, na ukichanganywa vibaya huharibu mlo wote. Weka vijiko vitatu vya mezani vya ufuta, kijiko kimoja cha chai cha tofu nyekundu iliyochachushwa, na nusu kijiko cha maua ya kitunguu yaliyosagwa kwa chumvi. Ongeza maji ya uvuguvugu kijiko kimoja kimoja huku unakoroga. Kwanza utaona unakuwa mzito na kukatika mabonge. Usiogope wala usimwage maji mengi kwa pupa. Endelea kukoroga, vijiko viwili vitatu baadaye unalainika na kung'aa. Uko tayari pale unapoganda juu ya nyama bila kuchuruzika. Mwenye mzio wa karanga asiuguse kabla ya kuuliza, kwa sababu ufuta huo mara nyingi huchanganywa na karanga zilizosagwa.

SWALI: Niliagiza "wei la", yaani pilipili kidogo, bado niliungua na midomo ikafa ganzi. Maji baridi hayakusaidia. Marafiki zangu wa hapa wanaendelea kunialika na sitaki kukataa. – Dada msomaji, Chongqing

JIBU: Pole dada. "Kidogo" ya Chongqing imepimwa kwa mdomo wa Chongqing. Huko mambo mawili yanakupata kwa pamoja. Ukali unatoka kwenye pilipili. Ganzi inatoka kwenye huajiao, zile punje ndogo zenye harufu ya ndimu. Ganzi haina madhara na huisha yenyewe baada ya dakika chache, ila epuka kutafuna punje nzima.

Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, hauyeyuki kwenye maji, ndiyo maana maji yaliusambaza tu. Kunywa maziwa au mtindi. Na hapo ndipo utajua kwa nini wenyeji wanachovya chakula chao kwenye bakuli la mafuta ya ufuta, jambo linalowashangaza wageni wengi: mafuta yale safi yanachukua sehemu ya pilipili, na yanapoza tonge kabla halijafika mdomoni. Tia mafuta ya ufuta hadi nusu ya bakuli dogo, kijiko kimoja cha mezani cha kitunguu saumu kilichopondwa, giligilani, chumvi kidogo, na matone ya siki. Zungusha tonge humo, likung'ute, ndipo ule. Mafuta yakishageuka mekundu badilisha bakuli.

Jambo la pili ni kuchagua unachotia upande mwekundu. Mafuta yote yenye pilipili yanaelea juu, na chochote unachokitoa kinapita katika tabaka hilo. Mchicha, kabeji ya Kichina na tofu iliyogandishwa vinanyonya mafuta hayo na kukaa nayo; hivyo viwe vya supu nyeupe siku zote. Nyama laini na utumbo huyabeba machache. Kabla ya kutoa tonge, sukuma mafuta pembeni kwa mgongo wa upawa upate uwazi, toa haraka.

Ukila hivi na bado unaumia, waombe yuanyang guo. Hakuna mwenyeji atakayekereka. Huko meza nyingi za wageni zina sufuria hiyo.

SWALI: Utumbo unatoka mgumu kama raba, viazi vinayeyuka, na vitonge vya samaki bado baridi ndani. Tuingize nini lini? – Wanafunzi wanne, Wuhan

JIBU: Mnatia vyote kwa mkupuo. Kila sahani mpya inapoza supu, supu isiyochemka inachemsha nje tu ya kitonge, na utumbo unaosubiri humo unakakamaa.

Subirini kwanza ichemke kweli. Supu nyekundu inadanganya, kwa sababu tabaka la mafuta linafunika na uso unaonekana umetulia wakati chini pamoto, au kinyume chake pembeni panatoa povu na katikati bado. Tieni chakula pale katikati panapopasuka mapovu makubwa yasiyokoma.

Utumbo wenye kurasa usiuachie. Ushike kwa vijiti, uzamishe na kuuinua, uzamishe na kuuinua, kwa sekunde 10 hadi 15. Wenyeji huhesabu mara saba juu na mara nane chini. Kurasa zikijikunja na vipele vyake kusimama, umeiva. Sekunde 30 zaidi zinatosha kuuharibu. Nyama ya kondoo au ng'ombe iliyokatwa nyembamba inahitaji sekunde 10 hadi 20, hadi wekundu uishe. Ile nyama ya ng'ombe iliyopakwa wanga ni tofauti: itieni kipande kimoja kimoja, msiikoroge kwa nusu dakika ya kwanza la sivyo wanga unabanduka na supu inakuwa uji, kisha iacheni dakika moja na nusu au mbili.

Vitonge vya samaki vilivyotoka kwenye barafu vitieni mapema. Vikielea, hesabuni dakika mbili nyingine. Viazi vya unene wa nusu sentimita ni dakika tano au sita, na vitolewe vyote hapo hapo. Mzizi wa yungiyungi hauvurugiki, mnaweza kuusahau. Uyoga mwembamba, dakika mbili au tatu. Damu ya bata iliyogandishwa, kwa wanaokula, inakaa pembeni dakika kumi bila kuguswa. Tambi ni za mwisho kabisa na moto upunguzwe, kwa sababu wanga wake unashika chini na kuungua.

SWALI: Kila tukila huoguo kuna mmoja anaumwa tumbo usiku. Ni pilipili au uchafu? – Msomaji, Shenzhen

JIBU: Inaweza kuwa yote mawili, lakini angalieni vijiti kwanza. Mtu anachukua kuku mbichi kwa vijiti vyake, anaviweka kwenye supu sekunde moja, kisha anavitia mdomoni. Ombeni vijiti vya ziada, virefu, na viwe vya nyama mbichi tu. Kuku, nguruwe na samaki wasiliwe wakiwa na uwaridi ndani. Samaki wa maji baridi wawe wamegeuka weupe kabisa, kwa sababu Guangdong minyoo ya ini inayoambukiza kupitia samaki hao mbichi ni tatizo linalojulikana.

Maharage mabichi ya kijani yenye maganda ni hatari ambayo wengi hawaijui. Yakiwa nusu mbichi husababisha kutapika, na dakika mbili hazitoshi. Yapeni dakika kumi katika supu inayochemka, au msiyaagize.

Kuhusu mafuta: chagueni mgahawa unaofungua pakiti ya mafuta mgando mbele yenu na kuyatia sufuriani. Sheria ya China inakataza kurudisha mafuta ya mteja mmoja kwa mwingine, na pakiti hiyo ndiyo namna ya mgahawa kuwaonyesha kwamba inafuatwa. Mwisho, msile tonge lililotoka moja kwa moja kwenye mchemko. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Bakuli la kuchovya lina kazi hiyo pia.

SWALI: Watu wanne tuagize sahani ngapi, na bili tugawane vipi kama mmoja hali nyama? – Msomaji, Shanghai

JIBU: Sahani tisa au kumi zinatosha: tatu za nyama, mbili za vitonge au utumbo, tatu au nne za mboga na tofu, moja ya tambi. Migahawa mingi ina nusu sahani. Ulizeni "ban fen", mtapata aina nyingi kwa bei ile ile. Anzeni na sahani sita, mwongeze njaa ikibaki. Sufuria inalipiwa peke yake, na mchuzi wa kuchovya kwa kawaida hutozwa kwa kichwa. Bahashishi si desturi.

Asiyekula nyama asikalishwe kwenye sufuria yenu na kuambiwa atachagua mboga, maana hata supu ya nyanya au ya uyoga huweza kuwa imeanzia kwenye mifupa. Nendeni kwenye migahawa ya sufuria ndogo, ambako kila mtu ana jiko lake dogo la umeme mezani na supu yake. Hapo hata bili inagawanyika yenyewe. Mkishiriki sufuria moja, gawaneni gharama ya sufuria na mchuzi kwa vichwa, nyama walipe walaji. Semeni hivyo mapema, kabla ya kuagiza, kwa kuwa Mchina aliyewaalika huenda amekusudia kulipa yote, na kumvuta mkono mbele ya mhudumu kunamwaibisha.

SWALI: Vinavyobaki vinabebeka? – Msomaji yule yule

JIBU: Sahani ambazo hazijaguswa baadhi ya migahawa huzipokea na kuzitoa kwenye bili, basi ulizeni. Mbichi zilizofunguliwa mnaweza kufungiwa. Nyama ifike kwenye friji ndani ya saa mbili na ipikwe kesho yake. Supu yenyewe iacheni. Imepungua kwa saa nzima ya kuchemka, chumvi, mafuta na vilivyotoka kwenye nyama vimebaki humo, na mwenye gauti huenda akaumia usiku ule ule. Anayetaka kuonja supu anywe kikombe kimoja cha ile nyeupe mwanzoni, kabla nyama haijaingia.