Kesi za uchaguzi zinafaa nini kura zikishahesabiwa?

Wakili mwenzangu, umeuliza kama sisi tusio na chama tuna kazi yoyote kwenye uchaguzi hapa Kenya, ama ni kungoja tu kesi. Iko kazi, na nyingi ni ya mapema. Juni 2017, wiki chache kabla ya kura, kesi ya Maina Kiai na wenzake dhidi ya IEBC, tume ya uchaguzi, iliamuliwa na Mahakama ya Rufaa: matokeo ya urais yakitangazwa kwenye eneobunge ni ya mwisho, makao makuu ya tume Nairobi hayawezi kuyabadilisha. Hakuna mgombea aliyepewa kiti hapo, na ndiyo maana naipenda.

Baada ya kura muda ni mfupi mno. Kupinga urais una siku 7, na Mahakama ya Juu ina 14 za kuamua. Kupinga ubunge, siku 28. Huo si wakati wa kuanza kutafuta ushahidi. Wafunze mawakala wa wagombea sasa: Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo cha kura, isomwe tarakimu kwa tarakimu kabla ya sahihi, ipigwe picha, na anayekataa kutia sahihi aandike sababu papo hapo. Septemba 1, 2017 urais ulipofutwa, fomu zisizo na alama za usalama zilizungumziwa sana, pamoja na seva (kompyuta zinazotunza matokeo) ambazo tume haikuzifungua ilivyoamriwa. Hotuba kali tu hazingefika mbali.