ULIZA MWALIMU: Chuo Chetu Kinaandaa Walimu au Kinatoa Vyeti Tu?

Swali: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mkufunzi chuo cha ualimu, mkuu wetu kaniweka kwenye kamati ya kutathmini kama wanachuo wanaandaliwa vizuri. Kila mwaka tunawapa dodoso wiki ya mwisho, karibu wote wanatiki "nimeandaliwa vizuri sana", tunaandika ripoti basi. Mi nikasema haitoshi, wenzangu wanasema tuangalie asilimia ya waliofaulu mtihani wa mwisho. Unasemaje?

Jibu: Marahaba. Dodoso la wiki ya mwisho mnamuuliza mtu ambaye hajawahi kubaki peke yake na darasa mwaka mzima, atajuaje kama kaandaliwa? Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, alishaonyesha tangu 1975 kwamba ualimu una shida hii, kila anayeingia chuo ameshakaa maelfu ya masaa akiwatazama walimu tangu utotoni kwa hiyo anahisi kazi anaijua. Muulizeni baada ya muhula mmoja kazini, na msimuulize kama aliandaliwa vizuri, muulizeni ni lini mara ya mwisho somo lilimgomea, akafanya nini, na hilo alilofanya kalijulia wapi. Akisema kafundishwa na mwalimu wa darasa la jirani na si nyinyi, hapo mmeshapata cha kuandika kwenye ripoti.

Mtihani sasa. Mtoto anakwambia robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Mwanachuo anayejua hesabu atasema "umekosa", na mwenye nadharia za kujifunza kichwani atakuandikia kurasa mbili nzuri tu, ila mwalimu aliyeandaliwa anajua kwanza kwamba kosa hili lina mantiki yake, mtoto kahamisha kanuni ya namba nzima akaipeleka kwenye sehemu, halafu ana swali la kumuuliza au karatasi ya kumkunjisha mpaka aone mwenyewe. Ujuzi huo Lee Shulman, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliupigia kelele mwaka 1986, ni wa mwalimu peke yake, si wa mwanahesabu wala wa mwanasaikolojia, na mtihani wenu sidhani kama unaugusa. Chukueni makosa halisi kwenye madaftari ya wanafunzi muwape wanachuo, msikilize watasema nini.

Kuna atakayewaambia mpime chuo kwa maksi za watoto wanaofundishwa na wahitimu wenu. Taratibu hapo! Chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko 2014 kwamba tafiti nyingi zinampa mwalimu kama asilimia 1 mpaka 14 tu ya tofauti za maksi za wanafunzi, sasa katika hicho kidogo we utoe fungu la chuo, na wahitimu wenyewe hawapangwi shule kwa bahati nasibu.

Ambacho ningekichimba kweli ni mazoezi ya kufundisha. Tusidanganyane, mkufunzi anafika, anakaa nyuma, anaangalia somo lililoandaliwa kwa ajili yake, anakagua andalio, anasaini, anaondoka, na darasa zima linajua leo kuna mgeni. Andikeni badala yake huyo mwanachuo alikuwa chini ya mwalimu mlezi gani na huyo mlezi anafundisha vizuri au alipewa mwanachuo ili apumzike. Tafiti za Matthew Ronfeldt na wenzake Marekani zimeona waliolelewa na walimu wazuri huwa wanaanza kazi vizuri zaidi.

Swali: Dogo wangu anataka kusomea ualimu, nikienda chuoni niulize nini?

Jibu: Majengo achana nayo. Uliza atakaa shuleni wiki ngapi kabla ya kuhitimu, nani atakuwa anamtazama akifundisha na mara ngapi, na wakufunzi wenyewe mara ya mwisho kufundisha watoto ilikuwa lini. Wakianza kukuonyesha maktaba, rudia swali.