Maswali ya Wafinyanzi: Glezi, mpako wa kioo wa vyombo vya udongo, ipulizwe kwa upepo kiasi gani?

*Shikamoo Mwalimu. Nimenunua kompresa ya lita 50 na bunduki ya rangi, ile yenye kikombe juu, kwa fundi anayepuliza rangi magari. Aliniambia niweke upepo 60 ili rangi ilale vizuri. Nimepuliza glezi nyeupe kwenye mabakuli. Kabla ya kuyachoma yalionekana yamevaa vizuri, ila nikiyashika unga unabaki vidoleni. Yametoka kwenye tanuri yakiwa makavu kama msasa, na ndani glezi imejikunyata ikaacha udongo wazi. Upepo sahihi ni ngapi? – Msomaji, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Fundi hakukudanganya, amekupa namba ya kazi yake. Rangi ya gari imechanganywa na tina na gundi, ikishatua bado inasambaa. Glezi ni unga wa mawe ndani ya maji, na kinachoushikisha kwenye chombo ni ule unyevu unaofika nao. Ukiisukuma kwa psi 60 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), matone yanapasuka kuwa madogo mno, yanakauka yakiwa hewani, na kinachofika kwenye bakuli ni vumbi. Vumbi hilo limejaa hewa, ndiyo maana linaonekana nene. Likipata moto linasinyaa na kuachana na udongo, na hapo ndipo glezi inapojikunyata.

Kwa bunduki yenye kikombe juu, anza na psi 20. Glezi nyingi zinakaa vizuri kati ya 25 na 35. Wenye bunduki ya kikombe chini watahitaji zaidi, 40 hadi 50, kwa sababu upepo una kazi ya ziada ya kuinyonya glezi kutoka chini. Lakini usiishike namba yangu kama ulivyoishika ya fundi. Ninachotaka ukiweke kichwani ni hiki: tumia upepo mdogo kabisa unaoweza kuivunja glezi *yako* iwe ukungu.

Tena, upepo huo usomwe mahali pake. Geji ya kwenye tangi inakuonyesha kilichomo kwenye tangi basi. Ukishabonyeza kifyatuo, upepo unashuka, na mpira ukiwa mrefu au mwembamba unashuka zaidi. Nunua geji ndogo yenye regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza upepo, ifunge chini ya mshikio wa bunduki, bonyeza kifyatuo bila glezi kutoka, kisha rekebisha huku umebonyeza. Wengi wanarekebisha mkono ukiwa umetulia, halafu wanalalamika kwamba leo bunduki imeamka vibaya.

Kisha bandika boksi ukutani, simama umbali wa sentimita 25, na bonyeza kidogo tu, uachie. Angalia alama iliyobaki. Ukiona matone makubwa makubwa, hasa pembeni, upepo ni mdogo. Ongeza psi 5, rudia. Pale matone yatakapokuwa madogo na yanayolingana, simama hapo hapo, usiongeze ya bahati nasibu. Sasa hamia kwenye kigae cha chombo kilichochomwa mara ya kwanza. Glezi itue ikiwa na mng'ao wa maji, na mng'ao huo unywewe na udongo mara moja. Ikitua tayari imefifia kama chokaa, punguza upepo au sogea karibu kidogo. Ikianza kutiririka, usiguse upepo: kaza kidogo skrubu ya sindano ili glezi inayotoka ipungue, na mkono wako usikae sehemu moja.

Haya yote hayana maana kama uzito wa glezi unabadilika kila siku. Pima nusu lita kwenye mizani. Mimi napenda gramu 700 hadi 725 bila uzito wa chombo. Glezi nzito zaidi itakudai upepo zaidi, na utarudi kule kule kwenye vumbi. Andika ubavuni mwa ndoo uzito na upepo uliokubali.

Kuhusu ndani ya mabakuli, nina msimamo ambao wanafunzi wangu wanaujua: ndani simpulizii mtu. Upepo ukiingia hauna pa kutokea, unagonga kitako na kurudi juu ukiikwangua glezi uliyoiweka sasa hivi. Mimina glezi ndani, zungusha, mwaga, acha ikauke vizuri, ndipo upulize nje. Kwa sahani iliyo wazi unaweza kupuliza, ila kwa upepo wa chini na mkono wa mshazari.

*Mwalimu, bunduki yangu inatema. Inatoa vizuri, inakata, inatoa tena. Nimepandisha upepo mpaka nimechoka. – Msomaji, Mombasa*

Teremsha huo upepo, hauna kosa. Kwanza tazama kitundu kidogo kwenye kifuniko cha kikombe. Kikiziba, glezi haishuki. Kisha kaza nozeli na uangalie kifungio cha sindano, maana kikikauka kinaingiza hewa ndani ya glezi. Na hiyo glezi uliichuja? Ipitishe kwenye chujio la meshi 80 au 100, yaani lenye matundu 80 au 100 kwa kila inchi. Nozeli ya milimita 1.3 ni ya rangi, tafuta ya 1.8 hadi 2, ikiwezekana ya chuma cha pua, kwani glezi inasaga chuma laini mpaka tundu linapanuka. Hapo Mombasa fungua pia koki ya chini ya tangi kila jioni, utoe maji.

*Nafanyia kazi barazani nikiwa nimejifunga kitambaa puani. Si inatosha, kwa kuwa kuna upepo wa nje? – Mama wa watoto wawili, Morogoro*

Haitoshi, dada yangu, na naomba usipulize tena mpaka upate kinyago. Glezi ina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na chembe zake ndogo zinapenya kitambaa na barakoa ya hospitali, zinakaa kwenye mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Nunua kinyago cha mpira chenye vichujio vya P3 au P100, yaani vya kuzuia vumbi laini kabisa, kikae sawasawa usoni. Pulizia ndani ya boksi kubwa lenye feni inayotoa hewa nje, mbali na madirisha ya jirani. Ukipunguza upepo kama nilivyomwambia ndugu wa Arusha, vumbi linapungua pia, lakini kinyago kinabaki pale pale. Ukimaliza usifagie, deki kwa maji. Nguo za kazi zifue peke yake, na watoto wasifike barazani kabla hujadeki.