Kupima chuma kinachorefuka na mtoto: kwa mnaoanza kazi ya maabara

Wadogo zangu mnaoingia kwenye maabara za vifaa tiba, wengi wenu mmesomea uhandisi wa mitambo na mnajua vizuri jinsi chuma kinavyochoka. Ni mtaji mzuri. Lakini kipandikizi cha mgongo wa mtoto mdogo mwenye skoliosisi, yaani mgongo uliopinda kwenda upande, hakifanani na vipandikizi vingine vya mgongo, na tofauti hiyo isipowaingia mapema mtapima kwa usahihi mkubwa jambo lisilomhusu mtoto.

Mtu mzima anapowekewa vyuma mgongoni, daktari kwa kawaida anataka pingili ziungane ziwe mfupa mmoja. Vyuma vinashikilia kwa miezi kadhaa, mfupa unaota, na kuanzia hapo mfupa ndio unaobeba uzito. Kwa mtoto wa miaka minne hatutaki pingili ziungane. Mgongo ukiungana mapema, kifua kinabaki kifupi na mapafu yanakosa pa kukulia. Ndiyo maana vyuma vyake hufungwa juu na chini tu, katikati pakaachwa huru. Na hapo ndipo ugumu wote wa kazi yetu ulipo: hakuna mfupa utakaokuja kukipokea chuma mzigo, si mwaka wa kwanza wala wa tano. Mtoto akiinama kuokota mpira, chuma kinapinda kidogo na kurudi. Akikaa, akisimama, akikimbia, ni vivyo hivyo, mpaka siku kitakapotolewa.

Someni habari za ukuaji kabla ya kushika mashine. Alain Dimeglio wa Montpellier, Ufaransa, alitumia miaka mingi kupima migongo ya watoto, na takwimu zake bado ndizo tunazoanzia. Tangu kuzaliwa hadi miaka 5, mgongo kutoka pingili ya kwanza ya kifua hadi juu ya nyonga hurefuka zaidi kidogo ya sentimita 2 kwa mwaka. Kati ya miaka 5 na 10 kasi hushuka hadi kama sentimita 1. Wakati wa balehe hupanda tena. Sehemu ya kifua peke yake ni kama sentimita 11 mtoto anapozaliwa na kama 18 anapofika miaka mitano. Hiyo 18 iwekeni akilini. Mwaka 2008 Lori Karol na wenzake wa Dallas, Marekani, walichapisha utafiti juu ya watoto waliounganishwa pingili za kifua wakiwa wadogo, wakaonyesha kwamba wale ambao kifua chao kiliishia chini ya urefu huo ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa ya mapafu dhaifu. Kwa hiyo chuma kikivunjika, kilichopotea si pembe ya mgongo kwenye eksirei tu, ni pumzi ya mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima.

Historia ya vifaa vyenyewe mtaisoma taratibu: fito za Paul Harrington wa Houston, kazi ya John Moe baada yake, fito mbili za Behrooz Akbarnia, mfumo wa VEPTR wa Robert Campbell na Melvin Smith wa San Antonio unaoshikilia mbavu, na Shilla ya Richard McCarthy ambayo skrubu zake huteleza juu ya ufito mgongo unaporefuka. Kwa mpimaji, cha kujua katika orodha hiyo ni kipi kinarefushwa kwa upasuaji, kipi kinateleza chenyewe, na kipi kina mashine ndani yake. Kila kimoja kinafeli kwa namna yake.

Sasa tuje kwenye kipimo. Mtakabidhiwa kiwango cha F1717 cha ASTM, shirika la viwango vya upimaji, na mtakizoea haraka. Unachukua vipande viwili vya plastiki ngumu ya polietilini badala ya pingili, unavifunga kwa skrubu na fito, katikati unaacha pengo tupu kana kwamba pingili imeondolewa kabisa, kisha unakandamiza na kuachia mpaka mizunguko milioni 5. Plastiki inatumika ili matokeo yasitegemee mfupa wa nani. Ni kipimo kizuri kwa kazi kiliyotungiwa, na kilitungiwa vyuma vinavyosubiri mfupa uungane.

Pigeni hesabu wenyewe. Milioni 5 ukiigawa kwa hatua 7,000 kwa siku unapata siku 714, haifiki miaka miwili. Mtoto aliyewekewa vyuma akiwa na miaka mitano anaweza kukaa navyo hadi karibu na balehe. Najua kwamba si kila hatua ya mtoto inapinda chuma kwa nguvu tunayoweka kwenye mashine. Hata hivyo, mimi siandiki neno "kimefaulu" kwenye ripoti ya kipandikizi cha aina hii kwa sababu tu kimefika milioni 5. Naomba mashine iendelee hadi milioni 10, na msimamizi akilalamikia muda, namweleza chuma hiki kinasubiri nini. Hakisubiri kitu.

Halafu kuna urefu. Katika kipimo cha kawaida, umbali kati ya skrubu za juu na za chini ni milimita 76. Katika mgongo wa mtoto, sehemu isiyoshikiliwa na skrubu inaweza kuzidi mara mbili ya hiyo. Ufito mrefu ulio huru hupinda zaidi, na unapopinda unazidi kusogea mbali na mstari wa mzigo, kwa hiyo nguvu ileile inauumiza zaidi. Pimeni kwa urefu ambao mtoto atakuwa nao kweli. Na kama kifaa kinarefuka, kipimeni kikiwa kimefunguka karibu na mwisho wake. Watengenezaji hupenda kuleta sampuli iliyofungwa yote, kwa sababu ndivyo inavyotoka kwenye kisanduku na ndivyo ilivyo imara zaidi. Lakini mtoto anaishi na kifaa kinachofunguka mwaka baada ya mwaka, huku mwili wake ukizidi kuwa mzito. Siku kifaa kinapokuwa dhaifu kuliko siku zote ndiyo siku mtoto ana kilo nyingi kuliko siku zote. Hiyo ndiyo hali ya kuiweka kwenye mashine.

Unene nao msiuchukulie juujuu. Ukakamavu wa ufito kwenye kupinda hufuata kipeo cha nne cha kipenyo: ufito wa milimita 4.5 una chini ya nusu ya ukakamavu wa ule wa 5.5, na kwa mzigo uleule mkazo kwenye uso wake ni kama mara 1.8. Mtasema, basi daktari aweke wa 5.5. Mgongo wa mtoto mwembamba hauna nyama ya kuufunika, chuma kinasukuma ngozi mpaka kidonda kinafunguka. Ndiyo maana wembamba utaendelea kutumika, nasi lazima tuupime kwa haki. Na msipime ufito ulionyooka kama rula ikiwa daktari ataukunja mezani kabla ya kuufunga. Koleo la kukunjia linaacha vijikovu, na titani haivumilii vijikovu. Ufa huanzia hapo. Mwombeni daktari mmoja aje awakunjie sampuli kwa mikono yake. Mtashangaa jinsi matokeo yanavyoshuka.

Chuma kikivunjika, kiangalieni chini ya hadubini kabla ya kufanya lolote jingine. Kwenye uso wa mvunjiko mtaona mistari iliyojipanga kama alama ambazo maji ya bahari huacha mchangani yanapokupwa, na ukiifuata kurudi nyuma inakupeleka mahali ufa ulipozaliwa. Mara nyingi ni upande wa nyuma, ule unaoelekea ngozi, maana mtoto anapoinama huko ndiko chuma kinakovutwa. Tena mara nyingi ni jirani na kiunganishi, pale ufito mwembamba unapoingia kwenye kitu kinene na kigumu. Vyuma vilivyotolewa kwa watoto vinaonyesha vivyo hivyo. Kama mashine yenu inavivunja vyuma mahali ambapo havivunjiki kwa watoto, mpangilio wa kipimo ndio wa kurekebisha, hata kama tarakimu zinapendeza.

Skrubu kwenye plastiki haichomoki. Kwenye mfupa laini wa mtoto inachomoka, na ndoano kwenye ubavu inasogea. Kushika kwa skrubu na ndoano kunahitaji kipimo chake cha pembeni, na ripoti iseme wazi kwamba F1717 haikugusa jambo hilo.

Nimeacha kwa makusudi hadi hapa vifaa vyenye sehemu zinazosuguana, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyonikosesha usingizi. Fito za sumaku, maarufu zaidi zikiwa MAGEC, zilileta faraja kubwa. Kabla yake, mtoto mwenye fito za kurefushwa alirudi chumba cha upasuaji karibu kila miezi sita, na kila upasuaji wa ziada uliongeza hatari ya madhara. Kwa sumaku, daktari anaweka kifaa juu ya ngozi, sumaku iliyo ndani inazunguka, ufito unarefuka milimita kadhaa, mtoto anavaa shati lake na kurudi nyumbani. NICE, taasisi ya Uingereza inayoshauri tiba zipi zitumike, iliiunga mkono mwaka 2014, na Marekani iliiruhusu mwaka huohuo. Lakini fito zilipoanza kutolewa na kufunguliwa, wachunguzi, wakiwemo wale wa Newcastle, Uingereza, walikuta vumbi la titani, tishu zilizogeuka nyeusi kuzizunguka, pini zilizovunjika ndani na fito zisizoweza tena kusukuma. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Uingereza, MHRA, ilitangaza kwamba usambazaji wake umesimamishwa nchini humo.

Msisome habari hiyo kama kisa cha kampuni moja. Isomeni kama swali kwa kila kifaa kinachopita mezani kwenu chenye kipande kinachoingia ndani ya kingine: vinasugua wapi, na vumbi linakwenda wapi? Kipimo cha kawaida hufanyika pakavu, kwenye hewa ya chumba. Chuma kinachoteleza kipimwe ndani ya majimaji, ya chumvi au ya seramu ya ndama, kwa nyuzi 37. Punguzeni kasi pia. Kwa hezi 5, yaani mizunguko mitano kwa sekunde, mizunguko milioni 5 inaisha kwa siku 12 hivi. Kwa hezi 1 inachukua karibu miezi miwili. Hiyo miezi miwili iombeni bila aibu, kwa sababu kasi kubwa hupasha joto mahali pa msuguano na kubadilisha namna chuma kinavyolika. Majimaji yasimwagwe. Yachujwe, vumbi lipimwe uzito, ukubwa na umbo la chembe, kisha kifaa kikatwe kwa urefu na kuangaliwa ndani. Pia urefusheni ufito huku mzigo ukiwa juu yake, maana mgongo uliokaa na vyuma miaka mingi hukakamaa, na nguvu inayotakiwa kuurefusha huongezeka kila safari.

Hapa nawageukia nyie ambao mtarudi kufanya kazi Afrika Mashariki. Ratiba ya kurefusha kila miezi michache inadhani familia inaishi karibu na hospitali. Familia inayosafiri kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam inaweza kukosa safari mbili au tatu kwa sababu ya nauli au mavuno. Je, ufito uliokaa mwaka mzima bila kuguswa bado unazunguka? Swali hilo linapimika kwenye benchi: uacheni ndani ya majimaji chini ya mzigo, halafu jaribuni. Msipolidai nyie, sioni atakayelidai.

Kuhusu wanyama nitasema machache. Nguruwe mchanga na mbuzi wanatuonyesha kama kifaa kinauacha mgongo ukue, na mnyama hukua kwa miezi kiasi ambacho mtoto hukua kwa miaka. Lakini kwa sababu hiyohiyo chuma hakipati mizunguko ya miaka. Majaribio ya wanyama hayathibitishi kwamba chuma hakitachoka, na ripoti inayodokeza hivyo irudishwe kwa mwandishi.

Watoto hawa ni wachache. Marekani ina njia maalumu ya kuruhusu vifaa vya maradhi yasiyowapata watu zaidi ya 8,000 kwa mwaka, ambapo mtengenezaji anaonyesha usalama na dalili za faida bila jaribio kubwa la wagonjwa. VEPTR ilipita huko mwaka 2004. Naiunga mkono njia hiyo, watoto hawawezi kusubiri. Lakini maana yake ni kwamba benchi letu linabeba sehemu ya ushahidi ambayo kwa dawa ingebebwa na maelfu ya wagonjwa. Ndiyo maana sampuli iliyofeli haitupwi. Iandikieni namba, mzigo, mzunguko iliyovunjikia, upande wa kulia au kushoto, na uelekeo wa juu na chini, kisha muihifadhi.

Na chuma kilichotoka kwa mtoto kikiletwa maabara, thibitisheni kwanza kwamba mzazi ameridhia kichunguzwe. Kipigeni picha kabla hakijaoshwa, tishu iliyoshikamana nacho iwekwe pembeni kwenye chombo chake, na ombeni eksirei zote za tangu siku kilipowekwa, si ile ya mwisho tu. Kwenye eksirei za katikati ndipo mtakapoona ni safari ipi ufito uliacha kurefuka, miezi mingi kabla ya mtu yeyote kusema una tatizo.