Maswali ya Wasomaji: Kuileta boti ya matanga kutoka Jinja hadi Entebbe

SWALI: Mimi na shemeji yangu tumenunua boti ya matanga iliyotumika, urefu mita 7, mkuku (uti wa chini wa boti) unashuka mita 1.2 chini ya maji, na ina injini ya nje ya nguvu farasi 9.9. Iko Jinja, sisi tuko Entebbe. Shemeji amewahi kuendesha matanga ndani ya ghuba tu. Tunataka kuileta wenyewe ziwani. Je, siku moja inatosha, na tujiandae vipi?
– Msomaji, Entebbe

JIBU: Haitoshi, ndugu zetu, na tunawasihi msiilazimishe itoshe. Kwa njia ya maji safari hiyo ni kama kilomita 115. Mnashuka Ghuba ya Napoleon, mnapita kati ya Buikwe na kisiwa cha Buvuma, kisha mnaelekea magharibi mkifuata pwani ya Mukono, visiwa vya Koome vikibaki kushoto. Pangeni siku tatu na ya nne ya akiba: Jinja hadi Kiyindi, Kiyindi hadi mwalo (kituo cha wavuvi) wa Katosi, Katosi hadi Entebbe. Siku ya kwanza ni fupi, nayo iacheni hivyo hivyo. Kama kuna kitu kibovu botini kitajitokeza hapo, mkiwa bado karibu na fundi wa Jinja.

Lililo kubwa kuliko yote ni saa. Kwenye pwani yetu ya kaskazini, alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Saa tatu au nne asubuhi hufifia. Kuanzia kama saa tano upepo huanza kutoka ziwani, kusini, na alasiri ndipo unapokuwa mkali. Wakati huo pwani yote ya Mukono iko upande mnakosukumwa na upepo, kwa hiyo injini ikizima mnapelekwa kwenye mafunjo na miamba. Mawimbi ya ziwa hili ni mafupi na yamesimama wima, kwa kuwa ziwa lenyewe halina kina kirefu. Boti ya mita 7 inayoyabisha, yaani inayoyaendea uso kwa uso, hupigwa omo (sehemu ya mbele) mpaka inakaribia kusimama. Ng'oeni nanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, kipande cha kilomita 50 kitawachukua saa sita na ushee, na saa saba mchana mtakuwa mmeshatia nanga. Mkiona hamtafika kwa saa hiyo, ingieni ghuba iliyo karibu mlale humo.

Dhoruba za radi hukusanyika usiku juu ya ziwa, na nyingine hufika pwani ya Entebbe na Kampala alfajiri. Basi kabla ya kuondoka someni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha tazameni kusini kwa macho yenu. Mkiona wingu jeusi lenye ukingo mweupe chini yake, upepo ukatulia ghafla, kisha ukaja ubaridi usoni, teremsheni tanga kubwa papo hapo. Msingoje mvua, maana upepo unaotangulia mvua ndio unaopindua boti. Epukeni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Januari na Februari ni afadhali. Juni na Julai mvua hupungua, lakini upepo wa kusini huzidi.

Sasa boti yenyewe. Tandazeni matanga chini, mkwaruze mishono kwa ukucha, hasa ukingo wa nyuma. Uzi ukikatika, jua limeshaula, na tanga hilo litapasuka kwa upepo wa kwanza wa maana hata kama kitambaa kinang'aa. Fuateni kila waya unaoshika mlingoti mpaka mwisho wake. Uzi mmoja wa waya uliofumuka ukachoma kidole unatosha kuukataa waya mzima. Pini za kufungia ziwe mpya. Kagueni nati za mkuku kutoka ndani: kutu inayotiririka kuzunguka nati ni dalili kwamba maji yanapita. Kila tundu la maji lililo chini ya boti lifungiwe kando yake kigingi cha mti laini cha kuliziba, ili bomba likipasuka msianze kutafuta. Chukueni pampu ya mkono na ndoo mbili.

Kuhusu mafuta, injini yenu kwa mwendo wa wastani hula lita 2 hadi 3 kwa saa. Kilomita 115 ni takriban saa 14 na nusu, yaani lita 44, ongezeni nusu yake, mnapata 66. Bebeni 70. Msipunguze kwa kuwa mna matanga, kwani asubuhi nyingi mtaenda kwa injini tupu. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Petroli ya kununua mwaloni itieni kwanza kwenye chupa inayoonyesha, muiache dakika chache. Maji yakiwemo yatakaa chini mtayaona.

Adui wa injini hapa ni magugu maji. Huziba matundu ya kuingizia maji ya kupooza. Mmoja wenu awe anatazama kile kijito kinachoruka nyuma ya injini. Kikikatika, zimeni mara moja, inueni injini, toeni majani kwa mkono. Wekeni panka ya akiba ya pampu ya maji. Nyavu nazo zina alama za vipande vya povu au jerikani tupu, zungukeni mbali. Panga la injini linalozunguka majini likinasa wavu, kata kwa kisu chenye meno ukiwa ndani ya boti. Usiruke majini karibu na mafunjo: kuna kichocho, na baadhi ya ghuba zina viboko na mamba.

Ramani za simu zinaonyesha ufuko vizuri lakini kwa kina haziaminiki. Tangu ziwa lilipojaa mwaka 2020, gati na nguzo kadhaa zilizama. Tengenezeni bildi ya kupimia kina: kamba ya mita 20, kipande cha madini ya risasi cha nusu kilo mwishoni, fundo kila mita, na mpime kila mnapoingia ghuba. Chini ni tope laini, kwa hiyo nanga ya vidole vinne hukokoteka. Tumieni baura, yaani nanga yenye mabapa mapana, na mnyororo wa mita 5. Kina kikiwa mita 4 na ubavu wa boti juu ya maji mita 1, jumla ni 5, zidisheni kwa 7, toeni mita 35 za kamba na mnyororo.

Hati ya mauziano, usajili wa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi na vitambulisho viwe kwenye mfuko usioingia maji, kwani doria za ziwani zinaweza kuwasimamisha. Mwachieni mtu wa nchi kavu ratiba yenye saa, na mpigieni kila mkitia nanga. Mchukueni mvuvi mmoja anayeijua pwani hiyo. Jamaa wengine watataka kusindikiza, waende kwa taksi. Boti iliyozama pwani hiyo hiyo ya Mukono Novemba 2018, ikaua watu zaidi ya 30, ilikuwa imejaza kupita kiasi.

SWALI: Ulaya boti hushuka mito na kupita mifereji yenye milango ya kupandisha na kushusha maji. Naweza kushuka Nile kutoka Jinja hadi Ziwa Albert?
– Msomaji, Hoima

JIBU: Huwezi. Mabwawa ya Nalubaale, Kiira, Bujagali na Isimba hayana milango ya aina hiyo, na mbele yako bado kuna bwawa la Karuma na maporomoko ya Murchison. Pakia boti kwenye lori hadi Butiaba, mlingoti ukiwa umelazwa, na angalia nyaya za umeme wakati wa kuusimamisha tena. Kutoka Pakwach mto unapitika hadi karibu na Nimule. Kabla ya daraja la Pakwach pima mlingoti kuanzia usoni mwa maji, si kuanzia sitahani. Ukiwa na shaka, ulaze.

SWALI: Jaketi ya kuokolea ya mtoto tuichagueje?
– Msomaji, Kalangala

JIBU: Kwa uzito wa mtoto, si kwa umri. Mvalisheni, mshike mabega ya jaketi muinue: ikipanda hadi masikioni ni kubwa. Iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, maana bila huo jaketi huelea na mtoto huchomoka chini yake.