Sato wanakufa, kambale wako fiti: majibu ya maswali yenu

*Nina mabwawa mawili hapa Ujiji, maji ya mfereji mmoja. Sato wakubwa wanakufa, macho yametokeza na wanaogelea kwa kuzungukazunguka, kambale hajafa hata mmoja. Kwa nini?*

Pole sana ndugu yangu, sato wa kufikia kuuzwa akifa inauma maana chakula chote ameshakula. Hizo dalili zinafanana sana na streptokokasi, bakteria anayefika mpaka kwenye ubongo ndo maana samaki anazunguka, na maji yakipata joto la nyuzi 28 kwenda juu halafu samaki wamebanana hapo ndo anachachamaa. Anawapenda sato hasa, kambale hasumbuki naye kihivyo. Ila usichukue wavu wa bwawa hilo ukauingiza kwa kambale, kuna mwingine anaitwa aeromonasi huyo anapiga wote, utaona vidonda vyekundu ubavuni na mapezi yameliwa. Samaki anayezunguka bado mzima mpeleke kwa afisa uvuvi akusaidie kupata maabara, wapime ubongo na figo, aliyeoza hawezi kukwambia kitu.

*Kambale anaishi mpaka kwenye matope, si ina maana kinga yake ni kali? (Kasulu)*

Hapana, hapa wengi wanachanganya. Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo maji yakikosa oksijeni sato anakufa yeye anadunda, lakini hiyo ni pumzi siyo kinga. Tena hana magamba, ana ute tu, na wakipishana ukubwa wanang'atana, kila jeraha ni mlango wa bakteria. Vifaranga wake ndo dhaifu kabisa, ukiona weupeweupe mdomoni na kwenye matamvua shtuka. Wachambue kwa saizi mara kwa mara.

*Naweza kuwapa antibayotiki ya kuku? (Sikonge)*

Usifanye hivyo mama. Samaki mgonjwa hali, dawa ya kwenye chakula inaishia kwa wazima na bakteria wanazoea, halafu mabaki tunakula sisi. Punguza chakula, ingiza maji mapya, toa wafu kila asubuhi uwachimbie mbali na bwawa.

*Kuna mbegu ya sato isiyougua?*

Isiyougua hakuna, ila ustahimilivu unarithiwa, hata ndani ya sato wenyewe koo zinatofautiana na wazalishaji nje wanachagua wazazi kwa kigezo hicho. Muulize anayekuuzia vifaranga wazazi wametoka wapi, na kama bwawa lao liliwahi kupata vifo.